Mabati Ishirini na Manne

Mzee Shamte alikuwa mtu wa kulisha watu. Hilo Mize hakuwahi kulikana, wakati ule wala baadaye. Mwezi wa Ramadhani sinia lake la futari halikuondoka barazani mpaka mpita njia wa mwisho ashibe, na penye msiba gunia la kwanza la mchele lilitoka kwake. Ndiyo maana ilikuwa kazi ngumu kumshawishi mtu yeyote pale kijijini, kando ya Ghuba ya Chole, kwamba mzee huyu anaweza kudhulumu.

Mize alikuwa mpangaji wake kwa miaka sita. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, kuta za mawe na chokaa, na alipoingia, mwaka 1999, ilikuwa imeezekwa makuti. Walikubaliana kwa maandishi, ukurasa mmoja wa daftari la shule, mwandiko wa Shamte mwenyewe: kodi, ilani ya miezi miwili kabla ya kuhama, na mstari wa mwisho uliosema kwamba mpangaji akiondoka "atairudisha nyumba kama alivyoikuta". Mstari huo Shamte aliuweka kwa sababu ya mpangaji aliyetangulia, ambaye aliondoka na mlango wa choo.

Mwaka wa tatu makuti yalioza. Mvua ikinyesha, Mize na mumewe Mudrik walikuwa wakisukuma kitanda kutoka kona hii kwenda ile, wakitafuta pakavu. Mize alikwenda kwa mwenye nyumba mara nne. Mara ya nne mzee akamkaribisha chai, akasema, "Mwanangu, mwaka huu sina uwezo wa paa. Kama nyinyi mnao, tieni bati. Siku mkiondoka, ng'oeni mwende nalo."

Mudrik alikuwapo, kikombe mkononi. Hapakuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyeandika.

Walinunua mabati ishirini na manne katika duka la Alihussein huko Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Stakabadhi Mize aliiweka kwenye mkoba mmoja na kadi za kliniki za wanawe. Fundi Abeid akaezua makuti, akapiga bati, kazi ya siku mbili. Makuti mabovu na fito zake Shamte alikuja kuzichukua mwenyewe, akazijengea banda la mbuzi. Na siku ya pili akaleta ubwabwa.

Hapo ndipo Mize alipokosea. Kwa desturi ya pale, siku paa linapomalizika, mwenye paa ndiye anayepika. Mafundi na majirani hula kwake, dua husomwa, na kuanzia siku hiyo paa huhesabiwa lake mbele za watu. Mize alikuwa ameshaloweka mchele. Shamte akatokea asubuhi na masufuria mawili juu ya toroli, moja la ubwabwa, moja la mchuzi wa mbuzi. "Una mtoto mgongoni, mwanangu. Utapika saa ngapi?" Kukataa chakula cha mtu mzima, tena kilichokwisha kuiva, kungekuwa ufidhuli. Mize akashukuru, akagawa sahani. Watu kama arobaini walikula, wakanawa, wakamwombea dua Mzee Shamte.

Miaka mitatu baadaye dua ile ilimrudia.

Mudrik alikuwa mvuvi wa nyavu, na ndani ya mipaka ya hifadhi ya bahari nyavu zake hazikuruhusiwa tena. Alijaribu mshipi, akajaribu mitego ya madema, haikutosha. Mwishoni mwa 2004 akahamia dago, kambi ya wavuvi, huko Ras Mkumbi, kaskazini ya kisiwa, nje ya mipaka, na mkewe akabaki na watoto, akishona makuti kwa ajili ya hoteli za ghubani. Wageni wa hoteli walipenda kulala chini ya makuti. Wanakijiji, waliolala chini ya makuti tangu kuzaliwa, walitaka bati. Mama yake Mize alikuwa na kiwanja Kanga, karibu na Ras Mkumbi, na hapo Mudrik akajenga nyumba ya miti na udongo. Kufikia mwisho wa Februari kuta zilikuwa zimesimama, zimekandikwa, zimekauka, na juu hapakuwa na kitu. Masika yangezikuta katika hali hiyo, zingeyeyuka na kurudi kuwa matope. Paa lilikuwa lile la mabati ishirini na manne. Fedha za paa jingine hazikuwapo.

Ilani ya kuhama Mize aliitoa mapema Januari. Mwanzoni mwa Machi akaenda barazani kwa Shamte.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mudrik hajambo huko kaskazini?"

"Hajambo. Mzee, Jumamosi Abeid atakuja kung'oa bati."

Shamte akaweka kikombe chini. "Bati gani?"

"Bati letu."

"La nyumba yangu?"

"Lililo juu ya nyumba yako."

Mzee akacheka, tena kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu vibaya. "Mize, mwanangu. Paa lile watu walikula ubwabwa wake. Waliula kwa nani?"

"Kwako. Lakini bati—"

"Basi. Mtu hapikii watu ubwabwa wa paa la mwenzake."

"Ulituambia wewe mwenyewe. Siku mkiondoka, ng'oeni."

"Nilisema?" Hakuonekana kukasirika hata kidogo. "Inawezekana. Mimi nikifurahi nasema mengi. Kaa unywe chai."

Mize hakukaa. Njiani alijua sababu, maana kila mtu aliijua: vijana watatu wa hotelini walikuwa wameshaiona nyumba, na walichouliza kwanza ni kama ina bati.

Abeid alikuwa akipiga randa ubao nje ya kwake. Alipomsikiliza aliendelea kupiga randa.

"Dada yangu, mzee yule ana nyumba tano. Nikipanda juu ya ile bila ruhusa yake, mwakani nitajenga kwa nani?"

"Bati lile ulilipwa na nani kulipiga?"

"Na wewe."

"Utalisema hilo mbele ya mwenyekiti?"

"Nikiulizwa," alisema Abeid, akapuliza vumbi la mbao.

Kisimani walishapata habari. Bi Mwanamkuu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimtwisha ndoo huku akimpa nasaha. "Mwachie mzee wa watu. Kakulisheni miaka yote hii."

"Alinilisha siku moja, bibi. Kodi nimelipa miaka sita."

"Haya, mwanasheria," alisema Bi Mwanamkuu, na wanawake wakacheka.

Kilichomuuma Mize hakikuwa kicheko. Ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema bati si lake. Walijua. Walikuwa wamemwona akilishusha garini. Walichomwomba ni aache kudai kitu ambacho wote walijua ni chake, ili mtu mwema aendelee kuwa mwema.

Jumatatu wakakutana ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Bwana Muhidini, alikuwa mtu wa kupenda amani, na amani kwake ilikuwa kila mtu atoke na kitu. Shamte alifika na mashahidi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mize alifika na mkoba wa kliniki.

Muhidini akaitazama stakabadhi mbele na nyuma. "Hii inaonyesha ulinunua bati."

"Ndiyo."

"Haionyeshi uliliezeka nyumba gani."

"Nina nyumba nyingine hapa kijijini, bwana mwenyekiti?"

"Jibu kwa adabu, mama."

Akamgeukia Bi Mwanamkuu. "Siku ya paa lile, mlikula kwa nani?"

"Kwa Mzee Shamte."

"Abeid. Ulikula kwa nani?"

Abeid akamtazama Mize, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. "Kwa mzee."

Wakaulizwa watu sita, swali moja, wakatoa jibu moja, na kila jibu lilikuwa kweli. Ulikuwa ushahidi kamili, usio na ufa, wa jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

"Sipendi mtu atoke hapa amenuna," alisema Muhidini. "Gawaneni. Kumi na mbili kwa kumi na mbili."

"Nyumba yangu ya Kanga ina pande mbili za paa," alisema Mize. "Niambie, bwana mwenyekiti, niache upande upi unyeshewe?"

Mtu akacheka nyuma. Shamte mwenyewe alitabasamu.

"Naomba kumuuliza mzee."

"Uliza."

"Siku ile, makuti ya zamani na fito zake, nani alizichukua?"

"Mimi," alisema Shamte. "Zilikuwa mali yangu. Ziko bandani kwa mbuzi, kila mtu anaziona."

"Na vipande vya bati vilivyobaki baada ya kukata, na misumari nusu debe. Vilikuwa chini pale pale, kando ya fito. Vilichukuliwa na nani?"

Shamte akafikiri. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mtu aliyezoea kukubaliwa. "Nadhani wewe."

"Nilijengea kibanda changu cha kupikia. Ulikuja ukala uji chini yake. Ulidai hata kipande kimoja?"

"Vipande vile vilikuwa takataka."

"Fito zilizoliwa na mchwa ulizibeba, bati jipya ukaliita takataka?" Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Siku ile ile, uani pale pale, ulijua lipi lako na lipi langu, mzee. Ulichambua mwenyewe kwa mikono yako. Kilichobadilika tangu hapo ni mimi kuhama."

Mize akatoa ukurasa wa daftari, akauweka mezani juu ya stakabadhi.

"Huu ni mwandiko wake. Anasema niirudishe nyumba kama nilivyoikuta. Niliikuta ya makuti. Nitairudisha ya makuti."

Muhidini akausoma mstari ule mara mbili, kisha akampa Shamte, ambaye hakuhitaji kuusoma. Wakanong'ona. Mwishowe mwenyekiti akasema bati ni la Mize. Akaongeza, kwa haraka, kama anayeogopa sentensi ya kwanza isije ikasimama peke yake: lakini nyumba ya mzee haiwezi kukaa uchi. Makuti yote yawe tayari uani kabla ya msumari mmoja kung'olewa, na yawe tayari kufikia Alhamisi jioni, kwa kuwa wapangaji wapya wanaingia Jumapili. Mzee atarudisha fito. Na paa lisivuje. Mzee atalikagua mwenyewe.

"Kodi yangu imelipwa mpaka tarehe thelathini na moja," alisema Mize. "Karatasi haisemi Alhamisi."

"Mimi ndiye ninayesema Alhamisi. Unahama au huhami?"

Watu walitoka wakinong'ona, maana hesabu haikuwa ngumu. Paa lile lilihitaji makuti kama mia tano, na kisiwani hapakuwa na makuti ya kununua. Hoteli zilikuwa zimeshayaagiza yote mpaka mwezi wa nne. Shamte alimpa Mize mkono mlangoni. "Sina kinyongo, mwanangu," alisema, na ilikuwa kweli. Kwa nini awe nacho?

Makuti mia tatu na themanini Mize alikuwa nayo. Yalikuwa yamepangwa ukumbini mwake mpaka darini, agizo la hoteli alilokuwa akilishona tangu Desemba. Asubuhi ya Jumanne alikwenda kwa mtu wa stoo wa hoteli ile, akamwambia ukweli: hayatafika. Mtu wa stoo hakumtukana. Alichukua kalamu, akalikata jina lake, akasema agizo litakwenda kwa kina mama wa Jibondo, na lijalo pia. Mize alirudi nyumbani akijua gharama ya kukirudisha kitu chake mkononi mwake: kazi ya miezi mitatu, na kazi ya miezi ijayo.

Yalibaki ya kushona mia na ishirini. Akakaa uani na rundo la majani ya mnazi yaliyolowekwa, akakunja jani juu ya kijiti, akashona, akakunja, akashona. Mikono ilijua kazi. Kichwa kilibaki na nafasi ya hasira. Saa nne Bi Mwanamkuu alipita kwenye uwazi wa ua, akaketi mkekani bila kukaribishwa, akavuta majani.

"Umekuja kunitazama nikishindwa, bibi?"

"Nimekuja kushona."

"Jana ulimshuhudia yeye."

"Nilisema nilichokula." Bi Mwanamkuu aliuma kamba ya ukindu kwa meno, akaikata. "Waliniuliza nimekula kwa nani. Hakuna aliyeniuliza bati ni la nani. Wangeniuliza, ningesema."

"Ungesema bila kuulizwa!"

"Ningekuwa na miaka yako hiyo, na mimi ningesema." Alitupa kuti la kwanza kwenye rundo. "Shona, mama. Maneno hayaezeki."

Mize hakumsamehe, lakini hakumfukuza. Alhamisi alasiri makuti yalikuwa mia tano na manne. Muhidini alikuja akayahesabu kwa fimbo, moja moja, akakosea katikati, akaanza upya.

Ijumaa asubuhi Abeid alipanda, sasa kwa ruhusa ya ofisi na kwa ujasiri wote unaokuja na ruhusa. Bati lilishuka moja moja, likalazwa ukutani. Fito zikang'olewa bandani. Zilizooza zikabadilishwa kwa mianzi, maana mikoko haikukatwa tena bila kibali. Mbuzi wa Shamte, waliobaki bila ukuta, wakazagaa kijijini, wawili wakaingia kwenye mihogo ya mwenyekiti. Jumamosi adhuhuri makuti yalifika kileleni. Lori la kwenda Kanga lilikuwa limesimama barabarani, injini imezimwa, dereva akitazama saa.

Shamte akaja na Muhidini. Akazunguka nyumba, akaingia, akainua uso, akatoka.

"Kazi si mbaya," alisema. "Lakini makuti mapya hayajakaa. Litavuja hili."

"Limevuja wapi?"

"Hatujui bado. Mvua haijanyesha." Akamgeukia mwenyekiti kwa sauti ya busara. "Mimi naona bati libaki hapa uani mpaka mvua ya kwanza. Tukiona ndani ni pakavu, achukue kwa heri. Si tulisema lisivuje?"

Muhidini akakuna shingo. "Tulisema."

Mize aligeuka akalitazama lori. Mvua ya kwanza. Mvua ambayo ingezikuta kuta za Kanga zikiwa wazi. Ile ile aliyokuwa akiikimbia tangu Januari, sasa alitakiwa aisubiri. Na mzee alikuwa akilisema hilo kwa uso wa mtu anayependelea haki pande zote.

"Unataka mvua?" alisema.

"Si mimi, mwanangu. Makubaliano."

"Ingia ndani ukae. Na wewe, bwana mwenyekiti. Ingieni!"

Hakuwa amewahi kumpigia kelele mtu mzima. Abeid alisimama na nyundo mkononi. Bi Mwanamkuu alikuwa ameshachukua ndoo.

Wazee wakaingia, wakaketi sakafuni ukumbini, maana viti vilikuwa ndani ya lori. Mize akapanda ngazi. Wanawake wakateka maji kisimani, yakapita mikono kwa mikono, Abeid akayapokea katikati ya ngazi, na Mize akayamwaga kileleni, upande wa kusini, kisha wa kaskazini, juu ya kila chumba, ndoo kwa ndoo. Maji yalitelemka kwenye makuti, yakaanguka ardhini kama pazia kuzunguka nyumba.

"Mzee!" aliita kutoka juu. "Umelowa?"

Akapokea ndoo nyingine, akamwaga.

"Bwana mwenyekiti, amelowa?"

"Bado," ilijibu sauti ya Muhidini kutoka ndani.

"Ndoo ya ishirini hii. Niendelee? Mvua yako ya kwanza huwa ya ndoo ngapi?"

Mbuzi mmoja aliyekuwa akichungulia mlangoni alipigwa na maji ya ukingoni, akakimbia akilia. Hapo wanawake walicheka, na safari hii hawakumcheka Mize. Katika ndoo ya thelathini na mbili Muhidini alitoka, akapita kwenye pazia la maji, na hapo ndipo alipolowa. Shamte alimfuata. Mabega yake yalikuwa na matone ya mlangoni. Kilemba chake kilikuwa kikavu kabisa.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba nimeirudisha nyumba kama nilivyoikuta. Tarehe, na jina lako."

Aliandika, kwa mwandiko mzuri, karatasi ameiegemeza mgongoni mwa Muhidini. Mize aliisoma karatasi neno kwa neno kabla ya kuwaashiria watu wa lori wapakie.

Walifika Kanga jua limeshapinda, na fundi wa huko hakupatikana mpaka Jumatatu. Jumapili alfajiri mvua ilinyesha kwa saa moja, ndogo, ya kutangulia tu. Mudrik, aliyekuwa ametoka Ras Mkumbi kuwapokea, alifunika alipoweza kwa tanga kuukuu na kwa mabati yenyewe yaliyowekwa juu bila misumari. Kuta za vyumba zilisalimika. Ukuta wa jikoni ulilainika kona moja, ukateremka polepole mbele ya macho yao, fito zikabaki zimetokeza.

Jumanne mabati yalikuwa yamepigwa, yote ishirini na manne. Mudrik akasimama chini yao akisikiliza mvua ya pili ikipiga juu, akafurahi. Alikuwa mtu asiyependa maneno marefu na alikuwa amepitwa na yote yaliyotokea ghubani.

"Alhamdulillahi," alisema. "Tumepata bati."

"Hatukulipata," alisema Mize. "Lilikuwa letu."

"Ndiyo, lakini mzee amekubali, si haba. Wengine wasingekubali. Nikipita kule nitamshukuru."

Mize akamwambia, taratibu, idadi ya makuti, akamwambia agizo la hoteli na lile ambalo lingefuata, siku tatu za kushona, ndoo thelathini na mbili, na akamwonyesha kona ya jikoni.

"Ukipita kule," alisema, "mpelekee hesabu hiyo. Usimpelekee shukrani."

Mudrik alichukua jembe, akatoka nje mvua ilipokatika, kuchimba udongo wa kukandika kona ile, na Mize akamfuata na ndoo ya maji.